Mlango wa Fifi

Nilizaliwa Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu. Jirani wa kulia alikuwa Msamia, wa kushoto Mjaluo, wa mbele Mgisu, na pale bombani tulipopanga madumu yetu lugha ilikuwa moja tu, Kiswahili. Nayataja haya mapema kwa sababu watu wengi huamini kwamba Kiswahili cha Uganda ni cha askari na cha mipakani, na kwamba ukishaingia ndani ya Busoga, eneo lenye Jinja, hukikuti tena. Mimi nilikikuta. Nilikikuta ukutani, kimeandikwa kwa rangi juu ya milango miwili ya stoo ya pamba, katika nyumba ambayo kila niliyemuuliza aliniambia haina mwenyewe.

Kazi yangu ni picha: harusi, kwanjula (sherehe ya bi harusi kumtambulisha mchumba kwao), mahafali, na picha za paspoti siku za katikati ya wiki. Nyumba hiyo niliiona mara ya kwanza nikitoka harusini upande wa Kamuli, nimepanda bodaboda, jua linazama. Ilisimama peke yake nyuma ya miembe mitatu. Mabati yake yalikuwa yameshika kutu hadi yakafanana na udongo wa barabara, na juu ya baraza, kwenye ule ukuta mfupi unaoficha paa, plasta ilikuwa imefinyangwa tarakimu 1934. Nikamwomba dereva asimame. Akasimama, akaitazama, akasema, "Hiyo ni ya Mhindi. Ilibaki tu." Tukaondoka, lakini maneno yale mawili ya mwisho niliondoka nayo.

Anayeijua historia ya sehemu zile hashangai kukuta nyumba ya namna hiyo katikati ya mashamba. Mbegu za pamba zililetwa Uganda 1903 na Borup wa ile Kampuni ya Uganda, na haikuchukua muda pamba ikawa ndiyo kodi, ndiyo karo, ndiyo mahari. Mwaka 1912 reli ya Busoga ikafunguliwa, ikitoka Jinja hadi Namasagali kwenye Mto Nile, ili mizigo ihamie kwenye meli za Ziwa Kyoga na kushushwa Masindi Port. Penye stesheni pakaja jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, na penye jineri pakaja duka. Mwaka 1928 reli kubwa kutoka Kenya iliungana na ile ya Busoga pale Mbulamuti. Kisha 1931 treni zikaanza kupita moja kwa moja hadi Kampala, na njia ya Namasagali ikabaki pembeni. Maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliimaliza bandari, na majengo yake yakageuzwa shule. Kwa hiyo zile nyumba za barazani zilizotawanyika kando ya njia ya zamani hazikujengwa na mtu aliyepotea. Zilijengwa na watu waliokuwa wamekaa mahali pesa ilipopita.

Haya yote nilikuja kuyasoma baadaye. Siku niliporudi na kamera sikujua chochote, na kibaya zaidi, sikumuuliza mtu.

Nilikwenda na rafiki yangu mmoja Jumapili asubuhi, tukijua watu wako kanisani. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, tukazungukia nyuma ambako majani yalinifika kifuani, tukaingia uani. Nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kamera, natembea huku natazama dirisha la jikoni, niliposhtukia rafiki yangu amenikamata mkanda wa begi na kunivuta nyuma kwa nguvu. Mbele ya mguu wangu palikuwa na bati, na juu ya bati majani makavu na mizabibu ya porini. Alipolisukuma kwa fimbo lilikunjika kama karatasi. Chini yake kulikuwa na tangi lililochimbwa ardhini, la kukusanya maji ya paa. Alitupa jiwe, na jiwe likachukua muda kabla ya kulia.

Nyumba nyingi za wafanyabiashara wa zamani zina tangi kama hilo, kwa sababu bomba halikuwepo na kisima kilikuwa mbali. Ukiona mifereji ya bati kwenye kingo za paa, jua kuna mahali maji yalikuwa yakienda, na mahali hapo pako uani, karibu na jikoni. Tangu siku hiyo siingii kwenye nyumba ya zamani bila fimbo ndefu, na siweki jicho kwenye kamera nikiwa natembea. Natembea, nasimama, ndipo napiga.

Basi tuliendelea, nusu saa au zaidi, tukipitia dirisha moja hadi chumba kingine. Tulipotoka tulikuta vijana sita wanatusubiri. Hawakutukana wala hawakutugusa. Mmoja aliuliza tu, "Mmetumwa na nani kupima?" Walitupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akarudia swali lile lile kwa utulivu zaidi. Nilipomwambia napenda majengo ya zamani, alinitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe.

Kwa siku kadhaa nilikuwa na hasira naye, kwa sababu aliniamuru nifute picha zote mbele yake, nami nikafuta, mia mbili na kumi na nne. Leo naona alikuwa sahihi. Uganda hii, mtu mgeni akija na kamera kwenye ardhi ambayo hati yake haijulikani iko wapi, nyuma yake huja mtu mwenye futi, na nyuma ya huyo huja mnunuzi. Mali za Waasia zilipotwaliwa baada ya Amin kuwafukuza 1972 ziliwekwa chini ya bodi ya serikali, wakapewa watu, wakahamishwa, wakapewa wengine. Ikaja sheria ya 1982 ya kuzirudisha kwa wenyewe, na katika miaka ya 1990 wengi walirudi wakachukua zao. Lakini katikati ya mambo hayo kuna wanakijiji waliolima pembezoni mwa nyumba hizo miaka hamsini, wamezika watu wao pale, na hakuna aliyewahi kuwaeleza wanasimama wapi kisheria. Mpiga picha asiyejua hilo anaweza kuiletea familia usiku mwingi wa kukosa usingizi, halafu akarudi mjini akasema watu wa kule ni wakali.

Niliporudi mara ya pili sikubeba kamera. Nilibeba sukari kilo mbili na sabuni mche mmoja, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamwonyesha kitambulisho changu na picha za harusi nilizopiga wilayani humo, mojawapo ya mpwa wa jirani yake. Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Akaniambia, "Basi twende kwa mwenye ufunguo."

Sikuamini. Nyumba isiyo na mwenyewe ilikuwa na ufunguo.

Mwenye ufunguo ni mzee aliyepita miaka themanini, mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya reli muda mrefu wa maisha yake, na Kiswahili chake ni kile cha reli, kilichonyooka na kisicho na haraka. Nilipiga magoti nusu kumsalimia, kama tulivyofundishwa huku, akanijibu kwa Kisoga kwanza, kisha akahamia Kiswahili alipojua natoka Walukuba.

"Wewe ndiye uliyepita dirishani?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Siku nyingine pitia mlangoni. Ufunguo ninao."

Akaunyanyua kutoka msumarini, ufunguo wa chuma wa urefu wa kidole cha kati, tukaondoka kwa mwendo wake. Barazani tulimkuta mkwe wake anaanika mahindi kwenye ile sakafu nyekundu ya saruji. Mimi siku ile ya Jumapili niliona chembe za mahindi kwenye nyufa nikadhani ni za panya. Ile baraza ndiyo sehemu pekee pana na kavu kijijini, na kila msimu familia nne huanika pale kwa zamu, mahindi, kahawa, maharage. Nilikuwa nimeandika kichwani mwangu maelezo ya picha yenye neno "mahame". Nikalifuta kama nilivyofuta zile picha.

Tulikaa barazani hapo karibu saa mbili kabla hajafungua mlango, na ninashukuru hakuwa na haraka, kwa sababu ndipo aliponisahihisha jambo kubwa. Nilimuuliza, kwa uhakika wa mtu aliyesikia redioni, "Kwa hiyo mzee, hawa waliondoka 1972, Amin alipowapa siku tisini?"

"Hapana. Mwaka 1972 hapa hapakuwa na Mhindi wa kufukuzwa."

Akanieleza kwamba mwenye duka aliondoka kabla, pale leseni ilipokataliwa. Sikumwelewa mpaka niliporudi nyumbani nikatafuta, nikakuta ni kweli kabisa: sheria ya leseni za biashara ya 1969 iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotajwa, na maduka mengi ya vijijini yakafungwa pale, miaka miwili na zaidi kabla ya lile tangazo la tarehe 4 Agosti 1972. Yule mwenye duka alihamia Jinja na familia yake. Alimwachia baba wa mzee ufunguo, akasema atatuma gari kuchukua mizani. Gari halikuja. Kisha 1972 ikamkuta akiwa Jinja, na hapo kijijini hakuna aliyesikia habari zake tena. Baba alipofariki, ufunguo ukapita kwa mwana.

Natafakari ni picha ngapi za nyumba kama hizi zinazozunguka mitandaoni zikiwa na maelezo yale yale, "ilitelekezwa 1972". Baadhi ni kweli. Lakini huo mwaka umekuwa kama kikapu cha kutupia kila nyumba kuukuu yenye baraza. Kuna zilizofungwa kwa sababu ya leseni, kuna zilizofungwa reli ilipokufa, kuna zilizofungwa bei ya pamba ilipoanguka. Mpiga picha akiandika mwaka asioujua, anaongeza uongo mdogo unaodumu kuliko ukuta wenyewe.

Ndani kulikuwa hivi. Mbele ni duka, lenye milango minne ya kukunja ya mvule, mizito, isiyo na tundu hata moja la mdudu. Nyuma ya duka vyumba vitatu vya kuishi, kila kimoja kimepakwa chokaa ya buluu iliyofifia. Halafu ua, jiko, bafu. Na ubavuni, imeungana na nyumba lakini ina mlango wake wa nje, stoo ndefu ya pamba.

Jiko ndilo lililonishika kwanza. Paa lake si bati, ni vigae vyekundu, na vichache vilikuwa vimeanguka sakafuni. Nilikigeuza kimoja. Mgongoni, chini ya vumbi na kinyesi cha mjusi, herufi zilikuwa zimesimama kama jana: Basel Mission Tile Works, Mangalore. Kiwanda hicho cha wamisionari kilianzishwa Mangalore, pwani ya magharibi ya India, mwaka 1865. Hebu fikiri safari ya kigae kile: jahazi au meli hadi Mombasa, treni hadi huku Busoga, kisha kichwani mwa mtu mpaka hapa jikoni. Nilikilaza kwenye baraza, nikaweka sarafu ya shilingi mia tano pembeni ili anayeona picha ajue ukubwa, nikapiga, nikakirudisha pale pale kilipokuwa. Kurudisha ni lazima. Kigae kikishaingia begini mwako kinakuwa kigae tu.

Sasa popo. Darini mwa vyumba vya kuishi walikuwepo wengi, na harufu yao inakupokea kabla hujafika. Zamani nilikuwa naona kuogopa popo ni uoga wa watoto. Lakini sisi ni nchi iliyozika watu kwa Marburg, homa kali ya virusi inayoua. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua 2007, na wataalamu wakaufuatilia ugonjwa hadi kwa popo wa matunda walioishi mle mgodini. Wale wadogo wanaokaa kwenye paa za nyumba si aina hiyo, lakini vumbi la kinyesi chao kikavu linaweza kubeba kuvu inayoshika mapafu. Navaa barakoa nzuri, si kitambaa, navaa mikono mirefu, sifagii, na sipigi chumba chenye popo zaidi ya dakika chache. Nyuki ni habari nyingine: ukisikia mvumo ndani ya ukuta, ondoka bila kukimbia na umwambie mwenyeji, maana huenda anajua nyuki hao na ana mpango na asali yao.

Nirudi kwenye stoo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifundisha kupiga picha upya baada ya miaka kumi na moja ya kupiga picha.

Nilizoea harusi. Harusini giza likiingia unawasha flashi, bi harusi anang'aa, kila mtu anafurahi. Kwenye stoo ile nikafanya vivyo hivyo. Nilipiga kuta zote nne kwa flashi, nikapata kuta nne nyeupe zisizo na kitu, bapa kama shuka. Mzee alikuwa amekaa kizingitini. Akaniuliza kama nimeona maandishi. Nikatazama tena. Hakuna. Akasema, "Taa yako inapiga ukuta usoni. Kuja saa kumi na moja jioni, jua liupige shavuni."

Nikasubiri. Stoo ina dirisha moja refu lenye nondo upande wa magharibi, na saa kumi na moja kasoro jua liliingia kwa pale, chini, likipita sambamba na ukuta karibu liuguse. Kwanza nikaona alama za mwiko wa fundi aliyepiga lipu. Kisha mikwaruzo ya magunia kwenye kimo cha kiuno. Kisha, juu ya mlango wa kushoto, pale ambapo rangi ilikuwa imekwisha lakini ilikuwa imeacha unene mwembamba juu ya chokaa, likatoka herufi kwa herufi neno SAFI. Na juu ya mlango wa kulia, FIFI.

Anayetoka kwenye mashamba ya pamba, Tanzania au Uganda, anajua maneno hayo. Safi ni pamba nyeupe, iliyokomaa, isiyo na uchafu. Fifi ni ile yenye madoa, iliyotobolewa na wadudu, iliyonyeshewa, na bei yake ni ya chini. Mkulima aliamka alfajiri na familia yake wakachambua majumbani, hii huku, hii kule, kisha wakabeba hadi hapa, na hapa mnunuzi akaamua upya kwa macho yake. Mzee alianza kazi katika stoo hii akiwa mtoto, kushona midomo ya magunia. Aliniambia mama yake hakujua Kiswahili kingine maishani ila maneno matatu: safi, fifi, na bado.

"Bado ni ya nini, mzee?"

"Ukisimama na mzigo tangu asubuhi, unaambiwa bado."

Hapo ndipo nilipopoteza ule utamu wa magofu ambao naamini huwapata wote wanaopenda kazi hii. Nyumba ni nzuri, sitaficha. Ile milango, ule mwanga, yale mabati yenye rangi ya udongo. Lakini mzee alinionyesha ndoano darini iliponing'inia mizani, akaniambia bila chuki kwamba mizani ile ilikuwa nyepesi kwa mkulima, ratili mbili tatu kila mzigo, na kwamba kila mtu alijua na hakuna aliyekuwa na pa kwenda, kwa sababu Mwafrika hakuwa na jineri yake. Machafuko ya Buganda ya 1949 yalikuwa na dai hilo ndani yake, watu wachambue na kuuza pamba yao wenyewe, na ni 1952, chini ya Cohen, gavana wa Waingereza, ndipo njia ilipofunguliwa kwa vyama vya ushirika kununua majineri. Mzee huyohuyo ndiye anayefagia baraza ya nyumba hiyo na kutunza ufunguo wa mtu aliyempunja baba yake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Alituachia. Hakusema tuuze." Sikuuliza tena.

Kwa faida ya wanaotaka kujaribu, nilichofanya baada ya hapo ni rahisi. Flashi nimeizima kabisa. Naweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO 100, tundu la lenzi f/8, na naacha shata wazi sekunde mbili, nne, hata nane, nikitumia kile kihesabio cha sekunde kumi ili kidole changu kisitikise. Mlangoni jua kali na ndani giza huwa vinagombana, hivyo napiga tatu za mahali pamoja, ya kiza, ya kati na ya nuru, nikaziunganisha nyumbani. Kuta nazipiga kamera ikiwa imenyooka kama maji ndani ya bilauri, kwa sababu ukuta unaoegemea kwenye picha humfanya mtu adhani nyumba inaanguka wakati haianguki. Na penye lipu yoyote ya zamani nangoja jua la pembeni, au usiku nakwenda na tochi, nailaza karibu na ukuta, naisogeza polepole. Simu nzuri inatosha kwa kazi hii mradi iegemezwe kwenye kitu. Nilikwisha kuona jina la fundi, hesabu za madeni, mistari mitano mitano ya kuhesabia magunia, mahali ambapo nilikuwa nimeapa hapana kitu.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na ninaliandika nikiwa bado nalisikitikia. Zile picha za stoo zilipokuwa tayari nilizifurahia mno, nikaziweka mtandaoni pamoja na jina la kijiji na jina la kituo cha zamani cha reli. Watu walizipenda. Hazikupita wiki tatu mwenyekiti akanipigia simu. Watu wawili wasiojulikana walikuwa wamekuja na pikapu wakiuliza bei ya milango ya mvule. Walikataliwa. Usiku wa siku ya nne yake, milango miwili kati ya minne iling'olewa, na mifereji ya bati ikaenda nayo. Mvule wa kimo hicho haupatikani kirahisi tena, na mafundi wanajua thamani yake, nami niliwachorea ramani hadi mlangoni.

Nilikwenda siku iliyofuata. Sikuwa na la kusema. Mzee alikuwa amekaa barazani akitazama ile nafasi mbili zilizo wazi, mkwe wake ameziba moja kwa magunia. Nikamwambia ni mimi. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema nisaidie kuziba nyingine, tukaanza kupima mbao. Picha nilizifuta, nikaziweka upya bila jina la mahali, na hata hapa sitalitaja. Mtu akiniuliza njia, namwambia aniambie kwanza anamfahamu nani kule.

Ukuta wa nyumba hizi haustahimili unyevu. Nyingi ni matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, na kinachoulinda udongo huo ni lipu ya chokaa kwa nje na bati kwa juu. Ule mfereji ukiondoka, maji yanatiririka ukutani, lipu inavimba, udongo unayeyuka, na matofali yanaanza kutoka moja moja kama meno. Wenyeji walitaka kupaka saruji sehemu iliyofunguka. Nilimuuliza fundi mmoja wa Jinja aliyewahi kukarabati jengo la aina hiyo, akasema saruji itayashika maji ndani na kubanduka na vipande vya tofali, heri chokaa na mchanga. Nikatoa pesa za harusi moja, tukanunua chokaa na bati sita na mfereji mfupi. Si ukarabati, ni kuzuia maji tu. Vijana waliofanya kazi ile ni wale wale sita walionikamata Jumapili ile, na cha kwanza kabisa walichofanya, kabla ya kugusa ukuta, ni kuziba mdomo wa tangi kwa magogo.

Siku moja ya Desemba nilipeleka picha zilizochapishwa, kubwa, ishirini na mbili, nikazitundika kwa vibanio kwenye kamba kati ya miembe. Nilidhani watazitazama na kwenda. Walikaa hadi jioni. Bibi mmoja alisimama mbele ya picha ya ile ndoano ya mizani akaita wajukuu zake, akawaonyesha kwa mkono jinsi mzigo ulivyopandishwa. Wazee wawili walibishana kama duka lilikuwa na pampu ya mafuta ya taa upande wa kulia au wa kushoto, wakaenda kutazama sakafuni, wakakuta duara la kutu upande wa kushoto, wakarudi. Nilikuwa na daftari. Yale niliyoandika mchana ule yana thamani kuliko picha zote ishirini na mbili, na yasingesemwa kama picha zisingekuwepo pale, chini ya mwembe, zikiwa kubwa kiasi cha kushikwa na kunyooshewa kidole.

Mzee alikuja mwisho, watu wakiwa wameanza kutawanyika. Alizipitia zote bila kusema. Akasema hakuna hata moja ambayo yeye yumo. Ni kweli, nilikuwa nimepiga nyumba. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Tukaenda stoo, yeye mbele na ufunguo. Nilimuuliza anataka kusimama wapi, nikidhani atachagua mlango wa safi, akaenda akasimama chini ya ule mwingine, mikono imeshuka pembeni, kofia ameishika.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakaa," akasema. "Magunia ya fifi ndiyo yalikuwa yangu kushona."

Shata ilihitaji sekunde mbili kwa mwanga ule. Nikamwomba asitikisike. Hakutikisika.